Kuni Zinakwenda Wapi?

Placide hakuwa mtu wa kukaa. Akiketi, mguu wake ulicheza. Akisimama, alikwenda nyuma ya nyumba kutazama anga. Akirudi, aliuliza kama chakula kimeiva, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshatoka tena. Mke wake, Marthe, alisema mwanamume huyu anachosha hata kiti.

Lakini mwaka ule wa 1989, hata Marthe hakutulia. Mvua ilipaswa kuanza mwezi wa tisa. Sasa mwezi wa kumi ulikuwa umefika katikati, na mvua hakuna. Vijiti vya mihogo vilikuwa vimefungwa mafungu, vimewekwa kivulini, vikisubiri kupandwa. Udongo wa shamba ulikuwa vumbi tupu.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya barabara ya Uvira na Baraka, upande wa Mboko. Chini yao waliona ziwa. Juu yao waliona pori la ukoo, yaani msitu ambao babu yake Placide aliuacha bila kuukata. Kutoka chini ya pori hilo ilitoka chemchemi. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kulowekea mihogo, yote yalitoka hapo.

Kwenye karatasi za serikali Placide hakuitwa Placide. Miaka ile chama tawala kilikuwa kimekataza majina ya ubatizo, na kila Mzaire alibeba jina la mababu. Lakini karatasi hazili nyumbani. Mke wake alimwita Papa Pulchérie, kwa jina la binti yao wa kwanza, na majirani walimwita Placide kama zamani.

Ijumaa jioni walikuwa wanakula bugali na sombe ya majani ya mihogo. Eugène, mdogo wake Placide, alikuwepo. Mama yao, bibi Adolphine, alikuwepo pia. Placide aliacha chakula katikati.

"Mama Pulchérie," alisema, "lundi tunachoma pori." Jumatatu ilikuwa siku tatu tu mbele.

Marthe aliweka sahani chini. "Pori gani?"

"Pori yetu. Ile ya kule juu. Mi na Eugène tulishafyeka pembeni, matawi yamekauka. Lundi asubuhi, mbele upepo ya ziwa isiamke, tunatia moto."

"Juu ya nini?" Alitaka kujua sababu.

"Juu ya mvula! Moshi njo inaleta mawingu. Baba alikuwa anachoma, moshi inapanda, na kiisha siku kidogo mvula inakuya. Unajua vile."

Eugène aliongeza kwa furaha: "Na kiisha tuko na shamba mupya. Ile ya zamani imechoka. Muhogo yake inakuwa sawa kidole."

Hilo la shamba lilikuwa kweli, na Marthe alilijua. Mihogo ya mwaka uliopita ilikuwa myembamba. Watoto walikuwa wanakula na kuomba tena, na sufuria ilikuwa tupu. Kwa hiyo hakuweza kumcheka mumewe. Placide hakutaka kuchoma kwa ubaya. Aliogopa njaa, na woga wake ulikuwa miguuni.

"Na maji?" Marthe aliuliza. "Kwetu balichoma mulima yote. Mwaka ya pili chemchemi ikakauka. Mama yangu alikuwa anashuka mupaka ku ziwa na kupanda na ndoo. Mugongo yake iliharibika kule. Mi sitaki."

"Mvula ikikuya, maji itajaa kila fasi."

"Na isipokuya?"

Placide alikuwa ameshatoka kutazama anga.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Salongo. Asubuhi wote walikwenda kufanya kazi ya lazima ya barabara, wanaume na makoleo, wanawake na mifagio. Mchana Marthe alipanda kutafuta kuni. Aliokota matawi makavu, akafunga mzigo, akatia kamba kwenye paji la uso, akaanza kushuka. Mzigo ulikuwa mzito. Kwenye njia ya chini alikutana na Norbert akisukuma baiskeli.

Norbert alikuwa afisa wa kilimo. Watu walimwita Agronome. Alivaa abacost, koti la maafisa la kuvaliwa bila tai, lililopauka mabegani, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko juu, Minembwe na Bibokoboko, kwa wafugaji wa ng'ombe. Sasa alipewa vijiji vya kandokando ya ziwa. Alipenda kuongea. Ukimsalimia, ujue umepoteza saa nzima.

"Jambo, Mama Pulchérie. Hii mzigo itakuvunja."

"Inanivunja kila siku, Agronome. Na unajua kinaniudhi nini? Nabeba mzigo sawa hii, napika, na kesho asubuhi natoa majivu. Haijaze hata kisahani. Ile kuni yote inaendaka wapi?"

Alisema hivyo kwa uchovu tu. Lakini Norbert alisimamisha baiskeli yake.

"Mama, hiyo ulizo iko muzuri sana. Weye unasema inaenda wapi?"

"Inaisha."

"Haiishi. Kintu hakiishi hivi hivi. Fikiri."

Marthe alishusha mzigo. Hakutaka mafumbo siku ile. Alimwambia habari zote: mvua, moshi, pori, Jumatatu. Norbert alipanguza uso.

"Pole pole. Asichome. Lundi asubuhi niko na kazi Mboko, siwezi kuiacha. Nyuma ya saa sita nafika kwenu. Utamushika mupaka ile saa?"

"Placide? Kumushika Placide ni sawa kushika samaki ndagala na kidole moja," Marthe alisema. Hata hivyo aliahidi.

Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Alikuwa anawaza kuni. Mzigo mzima, na majivu kidogo tu. Ziliingia ardhini? Hapana. Alizila yeye? Hapana. Swali lilimwasha mpaka usiku. Na chini ya swali hilo kulikuwa na lingine kubwa zaidi: atamzuia vipi mumewe asubuhi?

Jibu alilipata kwenye mafiga yake mwenyewe.

Katika ukoo wa Placide kulikuwa na desturi moja. Moto wa kuchoma shamba jipya lazima utoke kwenye mafiga ya mke wa nyumba, yale mawe matatu anayopikia. Mwanamume huchukua kijinga cha moto hapo, hupanda nacho, ndipo shamba linakuwa la nyumba ile. Moto wa jirani hufanya shamba kuwa la jirani. Moto wa kibiriti haufanyi shamba kuwa la mtu yeyote. Hivyo ndivyo walivyoamini.

Jumatatu asubuhi Placide aliamka mapema, akafunga mkanda, akachukua panga. Aliingia jikoni. Mafiga yalikuwa baridi, na majivu yalikuwa yamelowa maji.

"Mama Pulchérie! Moto iko wapi?"

"Imezimika," Marthe alisema. Alikuwa ameketi kwenye kibao, mikono magotini.

"Imezimika? Tangu tuoane haijazimika!"

"Leo imezimika. Na haitawaka mupaka Agronome afike. Nyuma ya saa sita anakuya. Umusikilize. Kiisha ukitaka kuchoma, nitawasha na mukono yangu."

Placide alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu. Alisema mke gani huyu, alisema upepo utaamka, alisema watoto watakula nini. Eugène aliingia mbio, akasikia, akatoa kibiriti mfukoni.

"Ndugu, hii hapa! Twende."

Bibi Adolphine alikuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye.

"Kibiriti?" alisema. "Baba yenu alichoma na kibiriti siku gani? Rudisha ku mufuko, Eugène. Moto iko ya mwanamuke wa nyumba. Akisema haiko, haiko."

"Mama, uko upande yake?"

"Niko upande ya desturi. Na pia mi njo nilikuwa nachota maji mu ile chemchemi mbele weye kuzaliwa."

Basi siku ile ilikuwa ndefu. Walikula bugali baridi ya jana. Placide alizunguka nyumba, alikwenda barabarani, alirudi. Saa nne moshi mkubwa ulitokea kwenye kilima cha pili, kilima cha ukoo mwingine. Wao walikuwa wamechoma. Placide alisimama akiutazama moshi ule, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeachwa na gari.

"Bale batapata mvula," alisema. "Sisi tutabakia kulia."

Norbert alifika mchana, jasho linamtoka. Placide alimpa kiti, maana mgeni ni mgeni, lakini hakumpa tabasamu.

"Agronome, sema mbio. Niko na kazi."

Norbert hakusema mbio. Aliingia jikoni, akarudi na kipande cha mkaa kutoka kwenye mafiga baridi. Kidole chake kilikuwa cheusi.

"Mama Pulchérie aliniuliza kuni inaendaka wapi," alisema. "Nitajibu. Lakini kwanza mi niulize. Muti inakula nini mupaka inakuwa mukubwa?"

"Udongo," Eugène alisema. "Kila mutu anajua."

"Muzuri. Kama muti ilikula udongo, chini ya ule muti mukubwa ya pori yenu kungekuwa shimo. Kuko shimo?"

Eugène alifikiri. "Hapana."

"Hakuna. Mu udongo inachukua maji na chumvichumvi kidogo. Kile kidogo njo kinabakia majivu. Lakini mwili yake mingi inatoka mu hewa."

"Hewa?" Placide alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Muti inakula upepo?"

"Inakula hewa, ndiyo."

Norbert aliwaeleza polepole. Ndani ya hewa mna sehemu ndogo isiyoonekana kwa macho. Inabeba kitu kinachoitwa kaboni. Majani ya mti huivuta hewa hiyo. Jua linatoa nguvu, mizizi inaleta maji, na mti unaigeuza kaboni kuwa shina, matawi, majani na mizizi. Kila mwaka mti unaongeza nyingine. Majani yakianguka na kuoza, sehemu ya kaboni inaingia udongoni na kuutia weusi. Kwa hiyo msitu ni kama ghala. Umeweka ndani kaboni ya miaka na miaka.

Aliinua mkaa. "Hii nyeusi njo kaboni. Muiguse. Ilikuwa mu hewa, muti ikaishika. Sasa ukiwasha kuni mupaka mwisho, kaboni inarudia fasi ilitoka. Inapanda mu hewa. Mama, njo fasi kuni yako inaenda. Majivu haijaze kisahani kwa sababu mzigo yote imepanda."

Marthe alijipiga mapaja kwa mikono miwili. Alifurahi sana, kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. "Nilisema mi! Nilisema haiwezi kuisha hivi!"

"Basi imepanda," Placide alisema. "Ikipanda, iko na ubaya gani?"

"Placide, ulishalala Bibokoboko?"

"Bado. Kule baridi itaniua."

"Mi nililala. Usiku na blanketi moja, natetemeka. Na mbili, nalala muzuri. Siku moja mwenye nyumba alinitilia ya tatu na ya ine juu ya heshima. Nikaamuka na jasho sawa muntu wa homa. Blanketi haina moto. Inazuia tu joto ya mwili isitoke. Ile hewa ya kaboni inafanya vile ku dunia. Kidogo iko lazima, bila ile tungeganda. Lakini ikiwa mingi, joto ya jua inashindwa kutoka. Dunia inapata homa. Mvula inavurugika: fasi moja inachelewa, fasi ingine inaanguka yote siku moja."

Placide alisimama, akaketi, akasimama. "Agronome, mi niko na redio. Bazungu balijenga ma-usine, ile viwanda yao. Magari yao haihesabike. Bale njo banatia moshi mu mbingu. Mi niko na usine hapa? Niko hata na kinga, baiskeli tu?"

"Uko na haki," Norbert alisema. "Huna usine. Bale banapaswa kupunguza yao, na ni yao njo mukubwa. Sitakudanganya. Pori yako peke yake haiwezi kuponyesha dunia. Lakini iko mapori mengi sawa hii, na kila moja iko na muntu sawa weye mwenye kusimama pembeni na moto. Kila moja ikibakia, blanketi haiongezeke."

"Na mvula? Baba alichoma, mvula ikakuya."

"Alichoma mwezi gani?"

"Ya tisa."

"Na mvula iko na desturi ya kuanza mwezi gani?"

Bibi Adolphine alicheka mpaka akakohoa. "Kila jioni mi natandika mukeka, na giza inaingia," alisema. "Basi mukeka yangu njo inaleta giza!"

Lakini Placide hakushindwa kwa maneno. Alitaka kuona. Kwa hiyo wote walipanda mpaka pembeni ya pori, mahali yeye na Eugène walipofyeka. Jua lilipiga hapo. Norbert aliinama, akachota udongo. Ulikuwa vumbi, ukapeperuka.

Kisha waliingia ndani ya pori. Hewa ikawa baridi mara moja.

"Ondosha majani," Norbert alisema. "Tia mukono."

Placide alipiga magoti, akafukua majani yaliyooza. Mkono wake uliingia kwa urahisi. Udongo ulikuwa mweusi na ulikuwa na unyevu. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mingi, na udongo huu ulikuwa na unyevu! Aliukamua kiganjani. Alibaki amepiga magoti muda mrefu, na mguu wake haukucheza.

"Hii njo inalisha chemchemi," Norbert alisema. "Pori inakunywa mvula na kuitoa pole pole. Pia inapumua unyevu mu hewa. Ukiichoma, unapoteza maji chini na unaongeza blanketi juu."

Placide aliinua uso. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nasikia yote. Sasa batoto yangu batakula nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na Norbert alilijua. Aliketi kwenye gogo. Aliwaambia matawi yaliyofyekwa yasichomwe. Wayapange kwa mistari kukata mteremko, yashike udongo mvua ikija. Mihogo wapande katikati ya mistari hiyo, na maharage pamoja nayo. Kwenye shamba la zamani wasichome tena majani makavu, bali wayatandaze juu ya udongo yaoze. Angewaletea mbegu za miti midogo ya jamaa ya maharage. Ingepandwa kwa mistari, ingerudisha nguvu ya udongo, na matawi yake yangekuwa kuni za Marthe karibu na nyumba.

"Na hii pori?" Eugène aliuliza.

"Iacheni. Chukueni asali, dawa na kuni kavu. Na pembeni mulime njia mupana bila majani, moto ya jirani isiruke."

Jioni Marthe aliwasha mafiga kwa mkono wake, kama alivyoahidi. Alimtazama mumewe. Placide aliutazama moto, kisha akasema, "Pika, Mama Pulchérie. Njaa inaniua."

Usifikiri alitulia baada ya hapo. Ilikuwa mbaya zaidi! Kila asubuhi alitazama kilima cha pili, kilichokuwa cheusi. Kama mvua ingenyesha kule kwanza, angekuwa mjinga wa kijiji kizima. Wiki ilipita, anga ya buluu. Wiki nyingine, anga ya buluu. Moshi wa kule ulikuwa umepotea bila kuleta wingu lolote. Placide alipanga matawi, akalima njia ya moto, akatukana jua, akapanga matawi tena.

Kisha mchana mmoja wingu lilitoka upande wa ziwa. Mvua ilinyesha kwenye kilima cha pili na kwenye kilima chao saa ileile. Haikumuuliza mtu kama amechoma au hakuchoma. Ilinyesha kwa fujo. Kutoka kilima cheusi ulishuka mto wa matope, ukafunika barabara, na Salongo iliyofuata watu walitoa udongo ule kwa makoleo. Kwa Placide, matawi yalishika udongo. Alisimama kwenye mvua, akiruka mistari yake mmoja baada ya mwingine, akipiga kelele kama mtoto.

Mavuno ya kwanza yalikuwa ya kawaida, si ya ajabu. Yaliyofuata yalikuwa mazuri zaidi. Maharage yalifika kwenye sahani, na watoto waliacha kuomba tena. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, lakini chemchemi haikukauka. Hata wanawake wa kilima cha pili walikuja kuchota hapo, na Marthe hakumfukuza mtu.

Ilikuwa katika kiangazi hicho Eugène alioa. Asubuhi moja alikuja jikoni kwa Marthe. Mke wake mpya hakuwa na mafiga bado, kwa hiyo moto wa shemeji ndio ulikuwa moto wa nyumba yao, na yeye alitaka shamba kubwa, mbio. Alikuwa na kijiti kikavu mkononi.

"Shemeji, nipe moto kidogo," alisema huku akitazama pembeni. "Kuko fasi ndogo kule juu. Ndogo tu."

Marthe alimgeukia mumewe. Sufuria ya ndagala ilikuwa juu ya mafiga, inachemka, na harufu yake ilijaza nyumba.

Placide aliinuka. Alichukua ndoo ya maji ya chemchemi, akaondoa sufuria, akamwaga ndoo nzima juu ya moto. Mvuke ulipanda mpaka kwenye paa.

"Papa Pulchérie!" Marthe alilia. "Na ndagala? Haijaiva!"

"Tutakula vile iko," Placide alisema. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mdogo wake, na akakaa. "Keti, Eugène. Nitakuonyesha ginsi ya kupanga matawi."